Soji la kushona, fremu ya mbao au kiti cha ngozi: kumchagulia punda wa Lamu tandiko

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umebaki kuwa mji wa miguu na wa punda kwa sababu vichochoro vyake havipitishi gari. Simiti, mchanga, mitungi ya gesi, bidhaa za maduka na mawe ya matumbawe yanayovushwa kwa jahazi kutoka machimbo ya Manda, vyote humalizia safari juu ya mgongo wa punda, na juu ya mgongo huohuo hupanda pia watu wazima na watoto. Pamoja na hayo, mwenye punda atafikiri kwa makini juu ya bei ya mnyama, umri wake na meno yake, kisha tandiko akaliokota popote. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya yule aliyekwisha kuamua kwamba tandiko nalo lahitaji kuchaguliwa, lakini hajui achague lipi.

Matandiko yanayolinganishwa hapa ni matatu. La kwanza ni soji la kushona, ambalo ni mito miwili mirefu ya gunia au turubai iliyojazwa sufi, makumbi ya nazi au nyasi kavu na kuunganishwa kwa kitambaa kati yake, na juu yake hutupwa shogi, yaani mfuko mkubwa wa pande mbili wa kubebea mizigo. La pili ni fremu ya mbao, yenye matao mawili ya mti yaliyounganishwa na mbao mbili bapa, moja kila upande wa mgongo, ikilazwa juu ya blanketi nene au pedi. Fremu hii imezoeleka zaidi kwa wafugaji wa bara na nchi kavu za kaskazini kuliko kisiwani kwetu, lakini mji wenye maseremala wanaochonga milango na kuunda majahazi hauwezi kushindwa na kazi hiyo. La tatu ni kiti cha ngozi cha kupandia, chenye kiunzi kigumu ndani yake na vikuku vya kuwekea miguu. Viti hivi vilibuniwa kwa ajili ya farasi, na vinavyofika pwani mara nyingi ni vilivyokwisha kutumika.

Vigezo vya kuyapimia ni hivi: je, tandiko linauacha uti wa mgongo huru? Je, linagawanya uzito mahali panapoweza kuubeba? Je, linatulia lilipowekwa, au linateleza? Je, linamruhusu mnyama kutoa jasho na kupoa? Je, linamkalisha mpanda vizuri? Mwisho ni jambo la fundi na gharama, ambalo kwa watu wengi ndilo huamua, ingawa lilifaa kuulizwa baada ya hayo mengine.

Mgongo wenyewe kwanza

Hakuna tandiko linaloweza kusifiwa au kulaumiwa kabla ya kujua linawekwa juu ya nini. Farasi ana sehemu iliyoinuka pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega, na kiti chake hushikwa na mwinuko huo kisizunguke wala kusogea mbele. Punda hana mwinuko wa namna hiyo, au anao mdogo sana. Mgongo wake ni ulionyooka zaidi, mabega yake yamesimama zaidi, na kiwiliwili chake ni cha mviringo, kwa hiyo chochote kinachofungwa juu yake huelekea kuteleza mbele anaposhuka na kuzunguka ubavuni mzigo unapoelemea upande mmoja. Tofauti hii moja ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya vidonda vinavyoonekana nyuma ya mabega na chini ya makwapa ya punda wa kazi.

Mahali pa kubebea uzito ni padogo kuliko tunavyodhani. Panaanzia nyuma ya mfupa wa bega, ambao lazima ubaki na nafasi ya kurudi nyuma kila punda anapopeleka mguu mbele, na panaishia kwenye mbavu ya mwisho. Ukiifuata mbavu hiyo kwa vidole kutoka ubavuni kwenda juu utafika mpakani, na nyuma ya hapo ni kiuno, ambacho hakina mbavu za kukishikilia. Kwa upana, uzito unatakiwa ukae juu ya misuli miwili inayokwenda sambamba na uti wa mgongo, kushoto na kulia, na usiguse kabisa ncha za mifupa ya katikati. Punda wengi wana mstari mweusi unaopita katikati ya mgongo, na unafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa popote mstari huo unapopita tandiko halina haki ya kukanyaga.

Jambo la mwisho kuhusu mgongo ni kwamba haukai vilevile. Punda aliyenawiri baada ya mvua za masika, malisho yanapokuwa mengi, si yule wa mwisho wa kiangazi ambaye mifupa yake imejitokeza. Tandiko lililomkaa vema mwezi mmoja laweza kumchubua baada ya miezi mitatu.

Kuuacha uti wa mgongo huru

Katika kigezo hiki fremu ya mbao ina faida ya kimaumbile, kwa sababu matao yake huinua kila kitu juu ya uti wa mgongo na mfereji wa hewa hubaki wazi hata mzigo uwe mzito kiasi gani. Sharti lake ni kwamba tao liwe na kimo cha kutosha. Mzigo ukishafungwa, vidole viwili au vitatu viweze kupita kati ya tao na mgongo.

Kiti cha ngozi kilichoundwa vizuri nacho kina mfereji chini yake, kati ya mito miwili ya upande wa ndani. Tatizo ni kiunzi chake. Kikiwa chembamba kuliko mgongo, huubana kama koleo nyuma ya mabega. Kikiwa kipana kupita kiasi, hushuka hadi kikalala juu ya mifupa yenyewe, na mwenye punda akidhani anakitibu kwa kuongeza blanketi, mara nyingi anaongeza tu mbano upande mwingine.

Soji la kushona hutegemea uaminifu wa mshonaji. Likishonwa mito miwili iliyotenganishwa kwa nafasi ya vidole vinne hivi, linauacha uti huru kama inavyotakiwa. Bahati mbaya yale mengi yanayouzwa kwa bei ya chini ni mto mmoja tu uliokunjwa, na kwa hayo sina la kuyatetea. Hata soji lililoshonwa kwa mfereji hupoteza mfereji huo pole pole kadiri ujazo unavyoshindiliwa na mzigo, hivyo linahitaji kufumuliwa na kujazwa upya.

Kugawanya uzito

Fremu ndiyo hubeba mzigo mzito na wenye umbo gumu kwa usawa zaidi, lakini ni ikiwa mbao zake mbili zimechongwa kufuata mwinamo wa mbavu za punda huyohuyo. Ubao uliolala kwa pembe isiyo yake hugusa kwa ukingo mmoja, na uzito wote wa mawe hupita kwenye ukingo huo. Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa haraka, ambapo ubao hugusa mbele na nyuma huku katikati ukining'inia. Seremala aupitishe mkono chini yake akiwa amemweka punda mahali tambarare, na atajua pa kupunguza.

Soji lina ulaini unaolifanya lilifuate umbo la mgongo wowote, na kwa mizigo laini kama magunia ya nafaka, makaa au majani linatosha. Kwa mawe ya ujenzi, ulaini huohuo ni udhaifu, kwa kuwa pembe ya jiwe hupenya ndani ya shogi, ikausukuma ujazo kando, ikafika ngozini. Kiti cha ngozi hakikutengenezwa kwa mizigo hata kidogo, na kukifungia magunia ni kukiharibu bila kumsaidia punda.

Hapa inafaa kutaja kilo, kwa sababu hakuna tandiko linaloweza kuufanya uzito uliozidi uwe halali. Kanuni inayotumiwa na wengi wanaopanda farasi ni kwamba mpanda pamoja na kiti chake wasizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mnyama. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969 na ambalo lilifungua kliniki yake ya punda hapa Lamu mwaka 1987, limekuwa likishauri kwamba mtu anayempanda punda mzima asizidi kilo 50. Mfuko mmoja wa simiti ni kilo 50. Msomaji aliyewahi kuona punda mwenye mifuko miwili akipandishwa ngazi za Shela atafanya hesabu mwenyewe.

Kutulia mahali pake

Hili ndilo jambo linalomtofautisha sana punda na farasi, na ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Kwa kuwa mwinuko wa mabegani haupo, tandiko lolote kati ya haya matatu linahitaji msaada wa nyuma, ambao ni mkanda unaopita chini ya mkia au mkanda mpana unaozunguka mapaja. Wa chini ya mkia ni rahisi kutengeneza na unafaa kwa mpanda na mizigo myepesi, lakini huchubua ngozi laini ya hapo usipofunikwa kwa kitambaa safi. Wa mapajani ni bora zaidi kwa mizigo mizito na mahali penye mteremko. Kwa mwenye kupandisha vilima vya mchanga, mkanda wa kifuani nao unahitajika ili tandiko lisirudi nyuma, mradi ukae chini ya koo na usiuzuie mwendo wa mabega.

Watu wengi hujaribu kuzuia kuteleza kwa kuukaza mshipi wa tumboni. Mshipi uliokazwa sana hubana pumzi na kukata ngozi ya makwapa, na tandiko huteleza vilevile. Mshipi mzuri una upana wa vidole vinne au zaidi, hufungwa kiganja kimoja nyuma ya kiwiko, na huacha nafasi ya vidole viwili. Kitambaa cha tanga kilichokunjwa mara mbili kinafaa sana, na hapa kwetu si adimu. Kamba ya nailoni iliyo wazi haifai, na ukanda wa mpira wa ndani wa tairi haufai pia kuwekwa juu ya ngozi, kwa sababu hushika manyoya na kuhifadhi joto.

Kwa ujumla soji ndilo huzunguka kwa urahisi, kwa kuwa halina kiunzi cha kulishika, na mzigo wake lazima ulingane pande zote mbili. Fremu hutulia zaidi ikiwa na mishipi miwili. Kiti cha ngozi hutulia kwa kadiri ya kilivyomfaa punda, na kinapoteleza mbele hukaa juu ya mabega, mahali pabaya kuliko pote.

Joto na jasho

Katika msimu wa kaskazi hapa Lamu, hewa ikiwa na joto na unyevu, kitu kinachogusa ngozi ni muhimu sawa na umbo la tandiko. Pamba na katani hunyonya jasho. Viroba vya plastiki havinyonyi, na nyuzi zake zilizokatika hukwaruza kila hatua. Soji la katani lenye sufi ni zuri kwa kigezo hiki, likianikwa kila siku. Likifungwa likiwa na maji huwa gumu, hunuka na kuozesha ngozi. Fremu hupitisha hewa katikati, na blanketi lake hufuliwa peke yake bila kusumbua mbao. Ngozi ya kiti hutaka kupanguswa jasho na chumvi kisha kupakwa mafuta mara kwa mara, la sivyo hewa ya bahari huipasua au kuiotesha ukungu, na vyuma vyake hupata kutu.

Mpanda

Kwa mpanda, kiti cha ngozi hakina mpinzani iwapo kimepatikana kilicho sahihi. Sehemu yake ya chini kabisa ya kukalia iwe katikati, ili mtu asisukumwe nyuma kuelekea kiuno cha punda wala mbele kuelekea mabega. Nyuma ya makalio yake ibaki nafasi ya kiganja, na vikuku vining'inie kwa urefu mmoja. Kiti kilichoinama nyuma humlazimisha mtu kukaza magoti na kuvuta hatamu ili asianguke, na punda hulipia kosa la kiti mdomoni na mgongoni pamoja. Mtu aliyezoea kukaa upande mmoja hushindilia mto wa upande huo, na baada ya muda kiti nacho huwa kimepinda kama yeye.

Soji humkalisha mpanda kwa safari fupi bila shida, ila halina vikuku, na haifai kulifungia vikuku vya kamba, kwa sababu uzito wa miguu yote miwili huning'inia kwenye kamba moja inayopita juu ya uti wa mgongo. Fremu si ya kupandia. Vijana wengi hupanda bila tandiko lolote, kama ilivyo katika mashindano ya punda wakati wa sherehe za Maulidi, na kwa mbio fupi za mpanda mwepesi hakuna ubaya. Kwa safari ndefu, mifupa ya makalio ya mtu hukandamiza sehemu mbili ndogo za misuli ya mgongo pasipo kitu cha kuutawanya uzito huo.

Kwa kupanda, tumieni baraza. Mtu anayejivuta kutoka chini kwa kushika tandiko hulipindisha kila siku upande uleule, hata liwe limekaa vizuri namna gani.

Fundi, gharama na vichochoro

Soji ndilo la bei ya chini na fundi wake yupo karibu, kwani mtu yeyote mwenye shazia na uvumilivu aweza kulishona, na ujazo wake hupatikana mitaani. Fremu inagharimu zaidi mwanzoni lakini hudumu miaka, isipokuwa haiazimishwi: imechongwa kwa punda mmoja. Kiti cha ngozi ndicho ghali na fundi wake ni nadra kisiwani. Kabla ya kununua kilichotumika, kipindueni na kukishika mbele na nyuma mkijaribu kukikunja. Kikilia au kikicheza katikati, kiunzi kimevunjika, na hakuna mto utakaoficha hilo.

Fremu ina kasoro moja ambayo watu wa bara hawaifikirii, nayo ni upana. Katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, inapita, ila katika vijia vya ndani vya mtaa wa Mkomani mzigo uliotokeza nje hukwaruza kuta na kumsukuma punda upande. Mwambieni seremala apime kwanza njia mnayopita.

Kupima lolote mlilochagua

Chukueni waya mnene unaokunjika, uwekeni kukatiza mgongo vidole vitatu nyuma ya mfupa wa bega, muukandamize ufuate umbo, kisha muuchore kwenye kipande cha boksi na kukikata. Rudieni hivyo katikati ya mgongo na karibu na mbavu ya mwisho. Vipande hivyo vitatu ndivyo apelekewe mshonaji au seremala, na ndivyo vya kuwekwa chini ya kiti kabla ya kutoa pesa.

Tandiko likishapatikana, baada ya kazi ya saa moja liinueni moja kwa moja juu bila kuliburuta, na mtazame jasho. Unyevu ulioenea sawasawa pande zote mbili, mfereji wa katikati ukiwa mkavu, ni dalili njema. Doa kavu katikati ya sehemu iliyolowa huonyesha mahali palipobanwa. Manyoya yaliyosuguliwa, nywele nyeupe zilizoota pasipo nyeupe zamani, na uvimbe unaotokea tandiko likivuliwa, vyote vinasema hivyohivyo. Msisubiri punda alalamike, kwani huvumilia maumivu bila kuyaonyesha. Akiinamisha mgongo unapompitishia vidole, akigeuza kichwa kuelekea mshipi au akikataa kusimama wakati wa kutandikwa, mara nyingi ameanza kuumia siku nyingi kabla.

Kuchagua kwa hali

Anayebeba nafaka, mboga, maji au mizigo laini ya duka ndani ya mji atatumikiwa vizuri na soji la katani lenye mito miwili, mkanda wa mkiani na shogi lililosawazishwa. Pesa alizookoa aziweke kwa ajili ya kulijaza upya.

Anayebeba mawe, simiti na mbao kutoka gatini kila siku, na punda wake ni yuleyule, ana sababu nzuri ya kutengenezesha fremu yenye mkanda wa mapajani, akikubali kwamba upana wake utamzuia kupita njia fulani na kwamba uzito wenyewe lazima upungue.

Anayepanda mara nyingi kwa safari ndefu, kama ya kwenda Matondoni au Kipungani, afikirie kiti cha ngozi, lakini akinunue kwa vipande vya boksi mkononi, na awe tayari kukiacha kisipokaa. Kiti chepesi kilichoundwa kwa farasi mdogo mwenye mgongo mpana kina nafasi zaidi ya kumfaa punda kuliko kile kizito cha mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani, ambacho peke yake chaweza kufika kilo 15. Akikosa kinachokaa, soji zuri ni bora kuliko kiti kizuri kisicho chake.

Mwenye punda mmoja anayefanya kazi zote mbili asitafute tandiko la kufaa kote. Soji kwa mizigo ya wastani na kwa safari fupi litamtosha, na siku ya mawe aazime punda mwenye fremu badala ya kuazima fremu.

Na kwa punda ambaye tayari ana kidonda, hakuna chaguo katika haya matatu. Kutoboa tundu kwenye mto ili kidonda kisiguswe huhamishia mbano kwenye ukingo wa tundu, na kidonda hupanuka. Apumzishwe hadi ngozi ifunge na manyoya yaanze kurudi, apelekwe kwa daktari wa mifugo, na mgongo wake upimwe upya kwa waya kabla ya kutandikwa tena, kwa maana baada ya mapumziko hayo umbo lake litakuwa limebadilika.